Riadi au hoteli Moroko: amua kwa sanduku lako, picha baadaye

Sanduku la mama liliondoka Dar likiwa na magurudumu manne. Tulipofika mlangoni pa nyumba tuliyoilipia Fes lilikuwa na matatu, saa inakaribia tano usiku, na mbele yetu yuko kijana tusiyemjua anayedai dirhamu 100 kwa kutuonyesha njia ambayo hatukumwomba atuonyeshe. Mlango wenyewe mfupi, hauna kibao, hauna taa. Mama akanitazama. "Hii ndiyo hoteli yako, mwanangu?"

Nikagonga. Kikafunguka kimlango kidogo kilichokatwa ndani ya mlango mkubwa, tukainama, tukapita ukumbi uliopinda kama kiwiko, mara tukajikuta chini ya nyota: ua wa vigae, michungwa, maji yanachuruzika katikati, na ghorofa mbili za nguzo na mbao za mwerezi zimeuzunguka. Mama hakusema neno mpaka chai ya nanaa ilipoletwa. Siku ya nne, wakati wa kuondoka, yeye ndiye aliyekuwa hataki kutoka.

Tangu hapo jamaa wanaopanga safari ya Moroko huniuliza swali lile lile: nilale riadi au hoteli, ipi nzuri? Kwenye picha zote nzuri. Ila picha haikwambii ngazi ziko ngapi, gari linaishia wapi, wala nani atakufungulia mlango ukifika usiku wa manane. Anza na hayo.

Hatua ya 1: Jua unalinganisha nini na nini

Riadi (usiichanganye na riadha) ni neno la Kiarabu lenye maana ya bustani. Kwa asili ni nyumba ya mjini iliyojengwa kuzunguka bustani ya ndani, bustani ikagawanywa mafungu manne kwa vijia vinavyokutana kwenye birika la maji. Nyumba yenye ua uliosakafiwa tu, bila bustani, huitwa dar, na ni dar ile ile ya Dar es Salaam. Siku hizi wafanyabiashara wanaziita zote riadi kwa kuwa neno hilo ndilo linalouza. Kama unachotaka ni miti na kivuli, tafuta picha iliyopigwa kutoka juu ikionyesha ua mzima, usiridhike na picha ya kitanda chenye maua ya waridi. Kwenye leseni na karatasi za serikali utakuta jina la Kifaransa, maison d'hôtes, yaani nyumba ya wageni.

Hapo kwenye "nyumba ya wageni" ndipo wengi wetu tunapotea. Tanzania ukisema gesti, au Kenya ukisema lojing, mtu anaona kitanda, neti, bafu la pamoja na bei ya kumaliza usiku. Moroko mambo yamegeuka. Nyumba ya wageni ndani ya mji mkongwe inaweza kukutoza zaidi ya hoteli ya nyota nne iliyo mwendo wa teksi kutoka hapo, kwa sababu ina vyumba vitano au sita tu, na kuna mtu aliyelipwa kukaa miezi akichonga plasta ya kuta zake kwa patasi.

Aliyekulia Unguja au Lamu ataielewa nyumba hii upesi. Nje ukuta mtupu, ndani kumefunguka. Kile kiwiko cha pale mlangoni kipo kwa kazi moja: mlango ukiachwa wazi, mpita njia asione walioko ndani. Ni sitara. Hata ukuta wa bafuni utakukumbusha nyumbani: ile wanayoiita tadelakti ni chokaa inayosuguliwa kwa jiwe na sabuni nyeusi ya zeituni mpaka inang'aa na haipitishi maji. Fundi chokaa wa Lamu na fundi wa Marrakech wangeweza kukaa kutwa nzima wakibishana, kila mmoja akidai yake ndiyo bora.

Hoteli haihitaji maelezo mengi: mapokezi ya saa 24, lifti, korido, vyumba vinavyofanana, buffet asubuhi. Cha kujua ni mahali ilipo. Wafaransa walipoitawala Moroko kuanzia 1912, Jenerali Lyautey na mpangaji miji wake Henri Prost hawakuvunja miji ya kale. Walijenga miji mipya kando yake, yenye barabara pana na stesheni za treni. Ndiyo maana Marrakech ina madina, yaani mji mkongwe, na ina Guéliz, mji wake mpya; na Fes ina Fes el-Bali, madina yake, na ina mji mpya. Riadi ziko ndani ya kuta. Hoteli za kawaida nyingi ziko nje. Kwa hiyo unapochagua chumba unachagua pia mji wa kuamkia, na ukweli huu mdogo unakata nusu ya ubishi.

(Yapo ya katikati. La Mamounia ya Marrakech, iliyofunguliwa 1923, ni hoteli kubwa iliyo ndani ya kuta. Na huko kwenye mashamba ya mitende nje ya mji kuna majumba mapya yenye bwawa la kuogelea yanayojiita riadi. Hayo ya pili yahesabu kama hoteli.)

Hatua ya 2: Tazama mji unaokwenda

Fes, bila kusita, riadi au dar. Fes el-Bali, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1981, karibu yote haiingii magari, mizigo inabebwa na punda, nyumbu na mikokoteni, na mwenye nyumbu hupaza sauti "balak!" kama mahamali wetu wa zamani walivyokuwa wakiita "simile!" Ukilala mji mpya utakuja madina kama mtazamaji, utaondoka jioni, na utakosa saa mbili bora za Fes: alfajiri mikate inapopelekwa tanuri la mtaa juu ya mbao, na baada ya magharibi maduka yanapofungwa na vichochoro kubaki na wenyeji.

Marrakech, inategemea. Madina yake ni tambarare, ngazi za mtaani hakuna, na teksi inafika karibu zaidi. Tatizo lake ni pikipiki. Zinapita kwenye kichochoro cha upana wa mikono miwili, na dereva haoni sababu ya kupunguza mwendo. Mwenye watoto wadogo alipime hilo.

Essaouira na Chefchaouen ni miji midogo, nyumba za wageni ni tele, na hata ukikosea hujapotea mbali. Essaouira iko baharini na upepo wake haulali, basi uliza kuhusu unyevu wa chumba cha chini.

Casablanca, nenda hoteli. Ni mji wa kazi, biashara na usafiri, na madina yake si sababu ya watu kwenda. Rabat vivyo hivyo kama umefuata mkutano, ubalozi au mpira. Moroko ilikuwa mwenyeji wa AFCON 2025, ambako Tanzania na Uganda zilipangwa kundi moja, na 2030 itaandaa Kombe la Dunia pamoja na Hispania na Ureno. Anayefuata mechi anarudi usiku akiwa na kelele na njaa. Nyumba ya vyumba sita ambayo mlinzi wake ameshalala si mahali pake.

Hatua ya 3: Andika saa ya kufika na saa ya kuondoka

Hatua hii ndiyo iliyonigharimu gurudumu, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Chukua karatasi. Andika ndege inatua saa ngapi kwa saa za huko. Moroko iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa mbili, na mwezi wa Ramadhani hurudisha saa nyuma, zinakuwa tatu. Ongeza saa moja na nusu ya foleni ya pasipoti, mizigo na kubadilisha fedha. Dirhamu hainunuliki kirahisi nje ya nchi, lazima ubadilishe ukifika. Ongeza safari ya gari. Jumla ikivuka saa tatu usiku, usiku wa kwanza lala hoteli ambayo gari linakushusha mlangoni, uhamie riadi kesho yake mchana. Narudia, kwa kuwa watu hawanisikii: usiingie madina ya Fes mara ya kwanza usiku, peke yako, na sanduku.

Kosa langu lilikuwa hili. Mwenye nyumba alikuwa ameandika kwenye barua pepe kwamba mtu wake atatupokea kwenye lango. Ndege ikachelewa, simu yangu haikuwa na laini ya huko, na huyo mtu akasubiri akachoka. Teksi ndogo nyekundu ikatushusha pale magari yanapoishia. Ramani ya simu inadhani kichochoro na ukuta ni kitu kimoja, na kishale kilizunguka kama mlevi. Ndipo yule kijana akatokea. Vijana hawa wana nyimbo zao: njia imefungwa, huko kuna msikiti tu, hoteli yenu imefungwa, njooni huku. Wengi hawana ubaya zaidi ya kutaka pesa, lakini saa tano usiku, ukiwa na mama mwenye miaka sabini na kitu, hilo halikutulizi. Nilimpa dirhamu 50, akanuna, akaondoka. Mchana nilipima njia ile: dakika sita.

Dawa yake ni rahisi. Omba wakutumie gari lao uwanjani, hata kama ni ghali kuliko teksi ya kawaida. Dereva anampigia mtu wa nyumba, mtu wa nyumba anakuja na mkokoteni langoni, unamfuata. Ukipendelea teksi ya mtaani, chagua nyumba iliyo dakika tano au chini kutoka mahali gari linapofika, kama Batha, R'cif au Bab Bou Jeloud kwa Fes, au Bab Doukkala kwa Marrakech. Hamali wa mkokoteni mimi humlipa dirhamu 30, na naona inamridhisha. Kumbuka teksi ndogo hubeba abiria watatu tu, na usiku mita hupanda kwa nusu.

Kuondoka nako kuna hesabu. Ndege ya alfajiri maana yake kutembea kwenye vichochoro saa tisa usiku ukiburuza mzigo, na kumwamsha mtu akufungulie. Treni ya asubuhi pia inaondokea mji mpya, stesheni ziko huko. Ndiyo maana usiku wa mwisho nao mara nyingi ni wa hoteli. Siku za katikati ndizo za riadi.

Hatua ya 4: Hesabu magoti, watoto na usingizi

Riadi nyingi hazina lifti wala haziwezi kuwekewa. Ngazi zake zilijengwa ndani ya unene wa ukuta: nyembamba, zinajizungusha, kila kidaraja kimekwenda juu kama kiti cha mtoto na ukingo wake umepakwa kigae kinachoteleza. Mama alipandishwa ghorofa ya pili usiku ule. Nilisikia pumzi yake nyuma yangu, na fimbo yake ikigonga kila ngazi mara mbili. Asubuhi yule mama anayeendesha nyumba alimwona anavyoshuka, hakuuliza kitu, akamshika mkono. "Hajja," akasema (huko mama mtu mzima huitwa Hajja hata kama hajafika Makka), akamwonyesha chumba cha chini kilichokuwa kimefungwa. Kufikia saa sita mchana mizigo ilikuwa imeshuka. Hoteli ingetupatia lifti usiku ule ule. Lakini nadhani hoteli isingemwona anavyoshuka.

Kwa hiyo, mwenye mzee au mjamzito aombe chumba cha chini kabla ya kulipa, na aombe kiandikwe. Mtumiaji wa kiti cha magurudumu naye namshauri hoteli moja kwa moja. Nyumba za kale zina vizingiti kila mlango.

Watoto: kuna birika la maji katikati ya sebule na kuna paa la kukaa lenye ukuta unaomfikia mtu mzima kiunoni. Baadhi ya nyumba hazipokei watoto chini ya miaka 12, na husema hivyo kwa maandishi madogo. Familia yenye watoto wanne itafurahi zaidi kukodi dar ndogo nzima, au kwenda hoteli yenye bwawa na uwanja wa kukimbia.

Usingizi sasa. Madirisha ya vyumba hutazama uani, hayatazami nje, na ua ni kama ngoma. Mgeni wa juu akikohoa, unamjua kwa kikohozi chake. Wa chini wakianza kifungua kinywa, unasikia kijiko kinavyozunguka ndani ya bilauri. Adhana ya alfajiri itakufikia kutoka misikiti mitano kwa kupishana. Kwa watu wa pwani hiyo si habari, ila kama umezoea kulala mpaka saa tatu, jua. Chumba cha mbali na ngazi na mbali na jiko ndicho cha kuomba. Hoteli ina kelele zake, za barabara na za harusi siku ya Jumamosi, ingawa dirisha la vioo viwili linafunga.

Na sitara? Hapa kuna kichekesho. Nyumba iliyobuniwa ili wanawake wasionekane na wageni leo imejaa wageni, na ua wake ndiyo ukumbi wa wote. Dirisha lenye pazia jepesi linatazamana na la jirani. Kama kuna kibwawa uani, utakunywa chai pembeni ya mtu aliyevaa nguo za kuogelea. Mwenye kujali hilo aombe nyumba isiyo na bwawa, au akodi nyumba nzima na jamaa zake. Kwa upande mwingine, riadi nyingi haziuzi pombe, wakati hoteli kubwa zina baa.

Hatua ya 5: Angalia mwezi

Watu wetu husikia "Afrika", wakafunga mashati ya mikono mifupi. Januari Marrakech mchana ni wa kupendeza na usiku joto hushuka hadi nyuzi 5 hivi. Fes ni baridi zaidi na mvua juu yake. Ua hauna paa. Unatoka chumbani kwenda kula na unatoka kwenye hewa ya nje. Vigae ni barafu miguuni. Kuanzia Desemba hadi Februari uliza kama chumba kina kipasha joto cha kweli, kile cha kiyoyozi kinachogeuzwa, na kama ua hufunikwa. Jibu likiwa "tuna mablanketi mengi", nenda hoteli.

Julai na Agosti ni kinyume. Marrakech inapita nyuzi 40 mara kwa mara, na hapo kuta nene za riadi zinafanya kazi zilizojengewa: chumba cha chini hubaki na ubaridi mpaka alasiri. Cha juu, karibu na paa, kinaoka. Bwawa la hoteli lina hoja yake msimu huu, sibishi.

Ramadhani, riadi. Hata kama nje migahawa ya mchana imefungwa, nyumbani watakupikia, na magharibi watakuita mezani kwao: tende, supu ya harira, vitamutamu vya chebakia vyenye asali. Mimi nilifuturu uani hapo na wafanyakazi, sikuwa mteja tena. Hotelini ungepewa buffet ya futari yenye bei yake.

Hatua ya 6: Piga hesabu yote

Usilinganishe bei ya chumba na bei ya chumba. Chumba cha watu wawili kwenye riadi ya wastani ya Marrakech mara nyingi huwa kati ya dirhamu 500 na 1,200, na juu yake hakuna kikomo. Kifungua kinywa kwa kawaida kimo ndani: msemen wa kukunja mithili ya chapati, baghrir zenye vitundu ambazo Mzanzibari ataziita chila, zeituni, jibini, na amlou, yaani lozi zilizosagwa na mafuta ya argani na asali. Hoteli ya bei hiyo hiyo inaweza kukitoza kando.

Upande wa pili, riadi ina gharama za pembeni: gari la uwanjani, hamali, chakula cha jioni. Chakula hicho huagizwa asubuhi kwa kuwa wanakwenda sokoni kwa ajili yako; ukikumbuka njaa saa mbili usiku, umechelewa. Kodi ya mji hutozwa kwa kichwa kwa usiku pande zote mbili, na mara nyingi haimo kwenye bei uliyoiona mtandaoni. Nyumba ndogo hupenda fedha taslimu, na zikikubali kadi huenda zikaongeza asilimia kadhaa. Kughairi ndiko kunakouma: hoteli ya vyumba 200 haitajali ukiahirisha kesho, nyumba ya vyumba vitano itajali sana, na masharti yao yanaonyesha hivyo. Kama safari yako bado inasubiri viza, weka nafasi kwenye hoteli inayokubali kughairi bure, riadi uifuate viza ikishatoka.

Hatua ya 7: Waandikie kabla ya kulipa

Kwenye nyumba ndogo anayejibu ni mtu mmoja, na jinsi anavyojibu ndivyo utakavyopokewa. Andika kwa Kifaransa ukiweza. Mwenye rafiki Bujumbura, Bukavu au Lubumbashi amwombe amtafsirie. Mimi hutuma haya, kwa ufupi huu:

"Tutakuwa wawili, mmoja ni mzee. Tunatua saa fulani. Gari linafika mbali gani na mlango wenu, na nani atatupokea? Mna chumba cha chini? Dirisha lake linatazama wapi? Kina joto au ubaridi wa umeme? Kodi ya mji na kifungua kinywa vimo kwenye bei? Usiku kuna mtu wa kufungua mlango?"

Akijibu yote na kukutumia picha ya kona ya mtaa, lipa. Akijibu "karibuni sana, hakuna tatizo" bila namba hata moja, tafuta kwingine. Na maoni ya wageni soma ya miezi ya karibuni tu. Tetemeko la tarehe 8 Septemba 2023, la ukubwa wa 6.8, liliharibu baadhi ya nyumba za madina ya Marrakech, na sifa zilizoandikwa kabla ya hapo ni za nyumba ya jana, huenda usiikute leo.

Kwa hoteli huhitaji barua hii. Tazama tu umbali kutoka stesheni au mji mkongwe, na kama jengo lina umri, uliza ukarabati wa mwisho. Nyota za Moroko si kipimo cha upya wa zulia.

Hatua ya 8: Andaa karatasi

Pande zote mbili utajaza fomu ya polisi yenye namba ya pasipoti na muhuri wa kuingia. Ni kawaida. Wenza wageni kwa wageni kwa kawaida hawasumbuliwi, lakini mmoja akiwa Mmoroko, kwa miaka mingi cheti cha ndoa kimekuwa kikidaiwa, kwa kuwa kifungu cha 490 cha sheria ya jinai kinakataza mahusiano nje ya ndoa. Mei 2024 Waziri wa Sheria, Abdellatif Ouahbi, alisema bungeni kwamba hoteli hazina msingi wa kisheria wa kukidai. Mazoea ya mapokezi huenda taratibu kuliko kauli za mawaziri. Wenye ndoa na Wamoroko, na Waislamu wenye majina yanayofanana na ya wenyeji, wabebe nakala kwenye simu. Haina uzito.

Hatua ya 9: Zigawe siku

Kwa usiku saba, mpango ninaowapa watu ni huu. Usiku wa kwanza hoteli ya karibu na stesheni Casablanca, maana ndege nyingi zinatua hapo. Asubuhi treni hadi Fes, ufike mchana, usiku tatu kwenye dar iliyo karibu na Batha. Kisha treni ya mchana kutwa hadi Marrakech, usiku mbili riadi upande wa Bab Doukkala, na wa mwisho Guéliz. Mwenye magoti mabaya azilale zote hoteli, na ua wa riadi aende kuutazama kwenye kasri la Bahia, ambako kiingilio si kikubwa na ngazi hazimhusu.

Ukiwa ndani ya riadi, ishi kama mgeni wa nyumba ya watu: sema unarudi saa ngapi, toa salamu kwa kila uliyemkuta jikoni, na chai ya kwanza usiikatae hata kama umeshiba. Intaneti itashika uani na kufa chumbani, kuta ni nene mno. Kaa chini ya mchungwa na simu yako.

Na hilo sanduku la magurudumu liache nyumbani. Chukua begi la mgongoni.